Mtoto anakosa nini? Maswali ya wasomaji kuhusu utelekezaji

Barua za safari hii zinahusu watoto wasiopata matunzo ya kutosha, na karibu zote zinauliza nani alaumiwe. Tumezijibu tukianzia kwingine: mtoto anakosa nini, tangu lini, na nani yuko karibu anayeweza kukileta. Neno lenyewe linatupoteza kidogo. Tukisikia "kutelekeza" tunamwona baba aliyehama nyumba, au kichanga kilichoachwa kando ya njia. Watoto wengi wanaotelekezwa hawajaachwa na mtu yeyote. Wanalala kila siku chini ya paa moja na wazazi wao, ila hitaji fulani la msingi halitimizwi siku baada ya siku: chakula, usafi, matibabu, shule, ulinzi, au uso wa mtu mzima unaowaitikia wanapoita.

SWALI: Jirani yangu ana watoto wanne na kazi ya kibarua isiyo na uhakika. Watoto wanavaa nguo zilizochakaa na siku nyingine wanakula mara moja tu. Wapangaji wenzangu wanasema huo ni utelekezaji, aripotiwe. Mimi nasita.

JIBU: Una haki ya kusita. Nguo iliyochakaa inaeleza kipato cha nyumba, haielezi malezi. Mkataba wa Haki za Mtoto, uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1989, unawapa wazazi wajibu wa kumtunza mtoto kwa kadiri ya uwezo wao na kipato chao, kisha unaitaka serikali iwasaidie wanapopungukiwa. Hayo yamo katika kifungu cha 27. Tunazungumzia utelekezaji pale mlezi anapoweza kutimiza hitaji, au ameshaletewa msaada wa kulitimiza, na bado halitimizwi, tena na tena, mpaka mtoto anadhurika au yuko mbioni kudhurika.

Kwa hiyo usitazame kilichomo ndani ya sufuria peke yake, tazama kinavyogawanywa. Chakula kikiwa kidogo, nani anakula kwanza? Mtoto akishikwa na homa usiku, kuna anayehangaika naye? Ukimuuliza mama watoto wako wapi saa hii, anajua? Msaada ukiingia ndani, unawafikia watoto? Nyumba yenye majibu mazuri hapa ina njaa, na inachohitaji ni chakula na kipato. Mwelekeze jirani kwenye ofisi ya ustawi wa jamii au mpango wowote wa misaada kwa kaya, tena umsindikize mara ya kwanza, maana fomu na foleni huwakatisha tamaa watu ambao tayari wamechoka.

Hata hivyo mwili wa mtoto hausubiri sisi tukubaliane jina la tatizo. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu, katikati ya bega na kiwiko, uko chini ya sentimita 11.5, au ambaye nyayo zote mbili zimevimba na ukibonyeza kwa kidole linabaki shimo, yuko kwenye hatari ya utapiamlo mkali. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Wala asishindiliwe chakula kingi kwa pupa kabla ya kufika: mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaweza kuvurugika vibaya ukilishwa ghafla, ndiyo maana hospitali huanza na maziwa maalumu, kidogo kidogo.

SWALI: Nafundisha darasa la pili. Mwanafunzi mmoja wa miaka 8 analala darasani, anakuja na shati lile lile wiki nzima, na kengele ya kutoka ikilia anabaki akizungukazunguka kama hataki kwenda kwao. Nimhoji mtoto au nimwite mzazi?

JIBU: Mwalimu, anza na daftari kabla ya mazungumzo yoyote. Kila dalili uliyoitaja, ikiwa peke yake, ina maelezo kumi. Mtoto wa umri huo anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12 kwa usiku. Anayesinzia darasani huenda ana upungufu wa damu, huenda analala chumba chenye televisheni, huenda ndiye anayembembeleza mdogo wake usiku. Mashaka yanapata uzito dalili zinapokutana na kujirudia, na hilo hulioni bila kuandika.

Andika ulichokiona na kukisikia, tarehe na saa. Mfano: "Jumatatu, saa 2:15 asubuhi. Amelala juu ya dawati mara mbili kabla ya mapumziko. Nilipomwamsha alisema: Jana mtoto alikuwa analia. Shati ni lile la Alhamisi, lenye doa la wino kwenye mfuko wa kushoto." Maneno kama "mama yake mzembe" yaache nje ya daftari. Hayamsaidii afisa ustawi wa jamii kitu, na yakisomwa na mzazi yanafunga mlango.

Ukizungumza na mtoto, mchukue pembeni wakati wa shughuli ya kawaida, kwa mfano mkikusanya vitabu. Muulize swali pana: "Niambie jana ulipotoka shule mpaka ukalala, ilikuwaje?" Halafu nyamaza umsikilize. Swali kama "Mama hakupi chakula?" lina jibu ndani yake, mtoto atakukubalia kukuridhisha, au atakana ili amlinde mama. Usimwahidi siri. Mwambie hivi: "Ukiniambia jambo linaloonyesha hauko salama, nitamweleza mtu anayeweza kutusaidia, na wewe nitakuambia kwanza ni nani."

Kumwita mzazi ndipo walimu wengi wanapokosea. Barua inaandikwa "njoo kuhusu mwenendo wa mtoto wako", mzazi anakuja amejihami, anaaibishwa ofisini mbele ya watu, na jioni fimbo inamwangukia mtoto. Mwite kwa jambo jema la kweli kuhusu mtoto, kisha uliza: "Asubuhi kwenu huwaje, kuanzia kuamka mpaka anatoka mlangoni?" Swali hili limefungua mengi kuliko lawama zote, kwa sababu mzazi anaeleza mwenyewe mahali mambo yanapokwama: anatoka kazini usiku wa manane, maji hayapo, hana saa ya kumwamsha.

Kuna wakati hupaswi kumwita mzazi kwanza. Ukiona majeraha, mtoto akisema anaogopa mtu wa nyumbani, ukigundua hakuna mtu mzima anayelala naye, au ana ugonjwa mzito usiotibiwa, taarifa iende siku hiyo hiyo kwa mwalimu mkuu na kwa ustawi wa jamii au polisi. Huhitaji ushahidi kamili. Uchunguzi ni kazi yao. Yako ni kueleza ulichokiona.

SWALI: Mwanangu ana miezi 4. Namnyonyesha, namwogesha, kliniki nampeleka. Lakini namtazama kama mtoto wa mtu mwingine. Analia, mimi nimekaa tu nakodolea ukuta. Je, namtelekeza?

JIBU: Dada, mwanao analishwa, ni msafi na anafika kliniki, na kazi hiyo unaifanya wewe ukiwa umebeba mzigo mzito. Unachoeleza kinafanana sana na sonona baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, na sonona ndiyo inayoongoza. Ni ugonjwa, unatibika, na haupimi upendo wako.

Jiulize mambo mawili kuhusu mwezi uliopita. Je, mara nyingi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Je, umepoteza hamu na furaha katika mambo uliyoyapenda? Jibu likiwa ndiyo, hata kwa moja, mwambie muuguzi siku ya kliniki kwa maneno yale yale uliyotuandikia sisi. Usiseme "nimechoka tu", maana utaambiwa upumzike na yataishia hapo. Matibabu ya kwanza mara nyingi ni mazungumzo ya kila wiki na mtu aliyefunzwa. Zipo pia dawa ambazo daktari humwandikia mama anayenyonyesha.

Umeuliza kuhusu mtoto, nasi hatutakuficha kwamba uso wako anauhitaji. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick wa Marekani aliwaomba akina mama wacheze na vichanga vyao, kisha wakaushe uso kwa dakika chache bila kujibu chochote. Mtoto anatabasamu, ananyoosha mikono, anatoa sauti ya kumwita mama. Asipoitikiwa anageuza kichwa na kunywea. Mama akirudi kuitikia, mtoto naye hurudi. Hapo pa kurudi ndipo tunapotaka upaangalie.

Jaribu dakika 5, mara 3 kwa siku, baada ya kumbadilisha nepi. Mlaze uso wake uelekeane na wako, nyamaza, subiri. Atatoa sauti, irudie. Nyamaza tena. Akigeuza uso, mwache apumzike, hajakukataa. Hulazimiki kuhisi kitu chochote wakati ukifanya hivi. Siku ambayo hata hilo linakushinda, mpe baba, bibi au shangazi zile dakika, kwa sababu mtoto anaweza kuitikiwa na zaidi ya mtu mmoja.

Kilio kikikuzidi, mlaze chali mahali salama, toka chumbani dakika chache, mwite mtu. Usimtikise kamwe, kwani ubongo wa kichanga unaweza kuvuja damu kwa mtikiso wa sekunde chache tu. Na kama yanakujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru, unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au umekesha siku kadhaa bila kuhisi uchovu, nenda hospitali leo pamoja na mtu mzima mwingine, na mtoto asibaki nawe peke yenu kabla hujaonwa.

SWALI: Binti yetu wa miaka 9 ana akili sana. Tukienda kazini tunaweza kumwachia mdogo wake wa miaka 2?

JIBU: Hapana. Sheria za nchi hutofautiana kuhusu umri, lakini hatari ni ile ile. Mtoto wa miaka 2 huzama kwenye ndoo yenye maji ya sentimita chache, kimya, bila kupiga kelele, ndani ya muda ambao dada yake amekwenda chooni. Akinywa mafuta au dawa ya usafi iliyomiminwa kwenye chupa ya soda, asilazimishwe kutapika, akimbizwe hospitali pamoja na chupa yenyewe. Mtoto wa miaka 9 atayapanga hayo na nani? Kuwafungia ndani kwa kufuli ni hatari zaidi, maana moto ukizuka hawana pa kutokea.

Tafuteni wazazi wawili watatu wenye shida hiyo hiyo, mpeane zamu ya kuangalia watoto, au mtu mzima mmoja alipwe na nyumba zote. Pakitokea pengo la saa moja, awepo mtu mzima anayewasikia watoto, aliyeombwa na kukubali. "Jirani yupo tu" haitoshi kama jirani mwenyewe hajui kwamba anategemewa.

SWALI: Dada yetu ana watoto wa miaka 8, 5 na mmoja. Anakunywa sana tangu mumewe aondoke. Tumekaa naye mara mbili tukamkanya. Analia, anaahidi, baada ya wiki mbili ni yale yale. Kaka mkubwa anataka watoto wagawanywe kwa ndugu. Tufanyeje?

JIBU: Kukanywa hakukusaidia kwa sababu dada yenu alijua tayari anakosea. Anachokosa ni nguvu na mikono. Tuanze na usiku wa leo: ni nani mtu mzima asiyelewa atakayekuwa na hao watoto? Mkubaliane naye akiwa mzima, kwa maneno machache yaliyoandikwa: siku akinywa, mtoto wa mwaka mmoja analala kwa mtu fulani aliyetajwa jina. Kichanga kikilala kitanda kimoja na mtu aliyelewa kinaweza kukosa hewa bila yeye kushtuka.

Pili, msimfungie ndani mkidhani mnamwachisha pombe. Anayekunywa sana kila siku akikatiziwa ghafla anaweza kutetemeka, kutoka jasho na kupata degedege ndani ya siku moja au mbili, na wengine hupoteza maisha. Kuacha kwake kupangwe na hospitali.

Kisha orodhesheni mapengo ya watoto na mchague mawili au matatu tu kwa wiki 4 za kwanza. Kwa mfano: wa miaka 8 afike shuleni siku 5 kati ya 5, wa mwaka mmoja akamilishe chanjo zilizomo kwenye kadi, kiwepo chakula cha jioni kabla ya saa 1. Kila jambo lipewe mtu, siku na saa. "Tutasaidiana" haina mwenyewe. "Shangazi anapita saa 12:30 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa" inaweza kukaguliwa. Mwisho wa wiki ya 4 mkae na dada mwenyewe, mhesabu, na kila alichofanikisha kitajwe kwanza.

Mipango ya aina hii huharibika kwa njia zinazojulikana. Wiki ya kwanza ndugu wote wapo, wiki ya nne hakuna hata mmoja. Heri ziara moja ya uhakika kila Jumatano kwa mwaka mzima. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mji wa Elmira, jimbo la New York, mtafiti David Olds aliwafuatilia akina mama waliotembelewa na muuguzi yule yule tangu ujauzito hadi mtoto alipofika miaka 2. Watoto walipotimiza miaka 15, taarifa zilizothibitishwa za ukatili na utelekezaji katika familia hizo zilikuwa takriban nusu ya zile za familia zisizotembelewa. Alichokuwa nacho muuguzi ni uvumilivu wa kurudi.

Njia nyingine ya kuharibu ni msaidizi kufanya kila kitu hadi mama anakuwa mgeni nyumbani kwake. Ukipika, pika naye; ukimwogesha mtoto, yeye ashike taulo. Msiwageuze watoto kuwa wapelelezi, na swali la "mama amekunywa jana?" asiulizwe mtoto kabisa. Huyo wa miaka 8 pengine ndiye amekuwa mama wa nyumba. Msimpokonye kazi zote kwa siku moja, atahangaika. Mwondoleeni moja moja, mkianza na za usiku.

Kuwagawa watoto ndugu watatu nyumba tatu tunaomba kuwe jambo la mwisho kabisa. Wamepoteza baba, mama hawampati sawasawa, wamebaki wao kwa wao. Ikibidi waondoke, waende pamoja, kwa muda uliotajwa, mama akiwaona kwa siku maalumu, na ustawi wa jamii wakijua. Ofisi hiyo iitwe bila kusubiri kama mpango wa usiku umevunjwa, mtoto ameachwa peke yake au kuna aliyeumizwa. Halafu hatukusoma popote kwenye barua yenu baba yuko wapi. Kuondoka hakumvui wajibu, na kifungu cha 18 cha Mkataba ule ule kinawabebesha malezi wazazi wote wawili. Atafutwe.

SWALI: Tumempokea mtoto wa miaka 4 aliyetolewa kwenye nyumba aliyotelekezwa. Anaficha chakula chini ya mto, anamkumbatia kila mgeni, na akianguka akajiumiza halii. Atarudi sawa?

JIBU: Anaweza kupata nafuu kubwa, na mapema ni bora. Utafiti ulioanza Bucharest, Romania, mwaka 2000, ulifuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye vituo. Nusu walichaguliwa kwa kura wapelekwe kwa familia za malezi. Walioingia kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika kujenga uhusiano, hasa walioingia kabla ya kutimiza miaka 2 hivi. Wenu amevuka umri huo, kwa hiyo mtahitaji muda zaidi, na mambo mengine yatabaki magumu. Hilo lisiwafanye mumhukumu.

Chakula cha chini ya mto msikifanye kesi. Mpeni kikopo chenye mfuniko, chenye jina lake, kijazwe kila jioni na kitu kisichoharibika, na kikae anapokiona. Milo iwe saa zile zile kila siku. Kuficha hupungua polepole baada ya mtoto kuona mara nyingi kwamba kesho chakula kipo. Kumwadhibu kunamthibitishia kwamba hakipo.

Kukumbatia wageni si uchangamfu. Ni mtoto ambaye hajajua nani ni wake. Miezi ya mwanzo kumlisha, kumwogesha, kumlaza na kumtuliza kufanywe na ninyi wawili tu, na wageni waombwe wampungie mkono badala ya kumpakata.

Na huko kutolia: aliita zamani hakuitikiwa, akaacha. Akianguka, nendeni hata kama yuko kimya. Piga magoti, shika goti lake, sema kwa sauti tulivu, "Umeumia hapa. Pole. Tuoshe." Ajifanye hajali, osheni hivyo hivyo. Kisha ipo siku atalia kwa mkwaruzo mdogo usio na hata damu, aje mbio akimtafuta mmoja wenu kwa jina. Msimwambie amekua anyamaze, mpakateni.